Mashine Haisomi, au Kidole Hakisomi?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama, Rungwa, mkoani Singida, nikiwa likizo. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke hapa. Nimeyanyoosha kidogo tu, kwa hiyo mtaniona nikiongea zaidi kuliko kuandika.

Makamanda, habari za mchana! Wazee wetu mliokaa nyuma, shikamooni. Na wageni wetu mliotoka upande wa Makongolosi na upande wa Ipole, karibuni. Hapa ni njia panda. Barabara ya Itigi, ya Tabora na ya Mbeya zote zinakutana hapa kwetu, kwa hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kusema Rungwa ni mwisho wa dunia.

Mwenyekiti alinipigia akasema, "Dada, njoo utupe somo la sheria ya uchaguzi." Nikamjibu nitakuja, ila nitaanza na simu zenu. Akanyamaza kidogo. Nadhani alifikiri nimeacha chuo.

Haya, toeni simu. Hiyo ya mzee pale tunaiitaje? Kitochi. Wengine wanaiita kiswaswadu. Ukisema kitochi tayari umeshaieleza: inapiga, inapokea, inamulika njia ukirudi usiku, chaji inakaa siku nne, basi. Hiyo ya kamanda aliyevaa kofia ni ya kupangusa, ila nasikia inakula chaji, inakula bando, na ukifungua vitu viwili kwa pamoja inaganda. Inastaki. Inazingua. Ikizidi tunasema imekata moto. Kompyuta ya shule iliyoletwa ikiwa imechoka ni mkweche. Simu uliyouziwa stendi ikafa kabla hujafika nyumbani ni kimeo. Na ukikutana na mashine ya ukweli, yenye nguvu, haikwami, unasema hiki ni chuma. Si ndio?

Sasa niwaambie jambo lililonifurahisha. Mwaka 1975, Marekani, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Raphael Finkel, alianza kukusanya maneno ya mtaani ya wadukuzi. Wadukuzi wa wakati ule hawakuwa wezi wa pesa za mtandaoni. Walikuwa mafundi wa kompyuta waliokesha na mashine. Orodha ile ilikua, mwaka 1983 ikawa kitabu. Na kompyuta kubwa yenye nguvu wao waliiitaje? Chuma kikubwa! Kompyuta ndogo isiyo na uwezo waliiita mashine ya kubanika mkate. Programu ikikosea walisema imechanganyikiwa. Yaani kijana wa Rungwa na mdukuzi wa Stanford hawajawahi kuonana, lakini wote wakiona mashine nzuri wanasema chuma.

Hii lugha siidharau. Fundi simu akikwambia "hii imestaki", anajua anachosema na wewe unajua. Hakudanganyi. Anaisema mashine kana kwamba ni mtu, lakini mkono wake uko kwenye bisibisi. Shida inaanza lugha hiyohiyo inapotoka kwa fundi ikahamia kwa mtu aliyekaa nyuma ya dirisha la ofisi. Hilo ndilo nimekuja kulisema.

Niwape kisa cha bibi yangu.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mimi nilikuwa nyumbani, nimemaliza kidato cha nne. Bibi alikuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, imeandikwa kwenye kipande cha daftari amekifunga kwenye ncha ya kanga. Tukapanda basi hadi mjini. Foleni tangu asubuhi. Mahali penyewe sipataji, wala yule kijana simtaji, maana naye alikuwa na njaa kama sisi.

Bibi akaweka kidole gumba. Kijana akatazama kioo. Akaweka tena. Akabadilisha mkono. Mara ya tano kijana akasema, "Bibi, vidole vyako havisomi."

Bibi akaviangalia vidole vyake. Miaka zaidi ya hamsini ya jembe, kuni na kusugua masufuria kwa majivu. Akauliza, "Havisomi vipi, mjukuu wangu?" Kijana akajibu, "Mashine imekukataa, Bibi. Pisha wenzio."

Kwenye basi la kurudi bibi alificha mikono ndani ya kitenge. Hakuongea. Tulipofika, babu mdogo akamuuliza imekuwaje, naye akasema, "Mashine imenikataa." Siku zilipokwisha laini ikafungwa, na ndani yake kulikuwa na pesa ambayo baba mkubwa alikuwa ametuma ya mbegu. Mvua haikumsubiri.

Wiki kadhaa baadaye tulijaribu mahali pengine. Mashine ilikuwa ya aina ileile. Yule dada akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akalowesha kitambaa kingine akamfuta bibi vidole, akajaribu kimoja kimoja, vyote kumi. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasomwa. Akasema, "Samahani Bibi, hii mashine yetu haisomi vizuri vidole vikavu." Ndivyo alivyosema: mashine yetu haisomi.

Mimi nilikuwa sijaanza sheria, lakini nadhani somo langu la kwanza la sheria nililipata pale. Kazi ya kusoma ni ya nani? Ni ya mashine. Kidole hakijawahi kwenda shule, makamanda, hakisomi. Ukisema "kidole hakisomi" umemhamishia bibi kosa la kioo kichafu. Ukisema "mashine haisomi kidole", mara moja linakuja swali linalofuata: mnaye utaratibu gani mwingine kwa mtu ambaye mashine imeshindwa kumsoma? Kwa sababu haki ni ya bibi. Haiko kwenye kidole.

Na si bibi yangu peke yake. Mwaka 2015 Daftari la Wapiga Kura lilipoanza kuandikishwa kwa mashine za BVR, uzinduzi ulifanyika Makambako, Njombe, mwezi Februari. Malalamiko ya mashine kushindwa kusoma vidole vya wakulima yalisikika. Ni wakulima, jamani. Nchi hii ukitafuta vidole laini utaandikisha watu wachache sana.

Sasa tuje kwenye neno kubwa kuliko yote. Mfumo. Mfumo unasumbua. Mfumo uko chini. Mfumo umegoma. Mfumo haujakubali. Nani hapa hajawahi kuambiwa? Inueni mikono. Hakuna. Hata mzee pale nyuma hajainua.

Itazameni hiyo sentensi. Haina mtu ndani. Hakuna aliyesahau kulipia, hakuna aliyenunua kifaa kibovu, hakuna aliyezima, hakuna aliyechelewa kuja kazini. Ni mfumo tu, kama mvua. Na mvua huishitaki.

Lakini kumbukeni Mei 2021. Mfumo wa LUKU uliyumba, watu wakashindwa kununua umeme kwa siku kadhaa, foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO. Mwanzoni ilikuwa ni "mfumo". Kelele zilipozidi, waziri wa nishati wa wakati ule akaagiza maofisa wa upande wa TEHAMA wasimamishwe kazi. Sisemi walikuwa na hatia au hawakuwa nayo, hilo silijui na si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba siku ile ilionekana kuwa ndani ya mfumo kuna watu, wana vyeo, wana majukumu, na wanaweza kuulizwa. Wanaulizwa pale tu wananchi wanapokataa kuridhika na neno "mfumo".

Hapa ndipo sheria inapoingia, kamanda Mwenyekiti usiwe na wasiwasi.

Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya mwaka 2015. Ndiyo inayosema mahakama ipokee vipi ushahidi uliotoka kwenye kompyuta. Kwa maneno yangu mimi, inasema hivi: kukiwa na ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo wakati husika, au kwamba hata kama haikuwa ikifanya kazi ipasavyo kasoro hiyo haikugusa kumbukumbu yenyewe, basi mahakama itachukulia kumbukumbu ile ni ya kweli, mpaka aje mtu na ushahidi wa kinyume.

Mmesikia hapo mwisho? Mpaka aje mtu na ushahidi wa kinyume. Mtu huyo ni wewe. Ofisi itakuja na karatasi imechapishwa, ina tarehe, ina mhuri. Wewe utakuja na nini? "Mheshimiwa Hakimu, mashine ilikuwa inazingua." Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo hakimu atakuelewa vizuri sana. Atakuuliza tu: ilizinguaje? Saa ngapi? Uliona nini kwenye kioo? Nani alikuwepo? Na hapo wengi wetu tunakata moto.

Msidhani ni mambo ya nchi maskini. Uingereza, Shirika la Posta lilikuwa na mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha kwamba wasimamizi wa vituo vidogo vya posta wana upungufu wa pesa. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, kughushi hesabu na makosa kama hayo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wapo waliojiua. Kasoro ilikuwa kwenye mfumo. Sheria ya kule nayo ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na wengi wa wale watu walieleza kwamba kila walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Peke yao! Kila mmoja akakaa na aibu yake, kama bibi na mikono yake ndani ya kitenge. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Kilichowaokoa ni nini? Walikutana. Waliposimuliana, kila mtu na tarehe zake na hesabu zake, wakagundua si wao peke yao. Mwaka 2019 wakashinda mahakamani.

Turudi jirani. Kenya, uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Upinzani ulisema matokeo yametengenezwa na kompyuta, na mtaa ukapata jina la viongozi wa namna hiyo: vifaranga vya kompyuta. Yaani hawakuanguliwa na kuku, wameanguliwa na mashine. Watu walicheka sana, na neno lilisafiri kuliko hoja zote za mawakili. Lakini mbele ya Mahakama ya Juu hakuna aliyeshinda kwa sababu ya vifaranga. Mawakili waliomba seva za tume zifunguliwe. Mahakama ikaamuru ziangaliwe, kwa kusoma tu bila kugusa. Tume haikutekeleza amri ile kikamilifu, na majaji walio wengi wakaona kwamba ukikataa kufungua mashine yako usitegemee tuamini kilichotoka ndani yake. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, uchaguzi wa rais ukafutwa.

Kwetu hapa mlango wenyewe umefungwa. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika, hapohapo Arusha, tarehe 15 Julai 2020 ilisema kifungu hicho kinavunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Tunaendelea kudai kibadilishwe, na tutadai. Lakini ubunge na udiwani unaweza kwenda mahakamani, na uandikishaji una taratibu zake za pingamizi na rufaa. Huko kote utaulizwa swali lilelile: uliona nini?

Sasa naomba mnivumilie, maana nitasema jambo ambalo halitanipa makofi.

Sisi nasi tuna neno letu la kujificha. Chakachua. Neno zuri kweli. Lilianza kwenye mafuta, watu wakichanganya petroli na mafuta ya taa. Baada ya uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura, na tangu hapo kila tukishindwa, wamechakachua. Pengine ni kweli wamechakachua. Lakini nani? Wapi? Fomu ipi? Saa ngapi? Wao wakisema "mfumo umegoma" hawajataja mtu. Sisi tukisema "wamechakachua" hatujataja tendo. Sentensi zote mbili zinamwacha bibi palepale, laini yake imefungwa.

Na kuna hatari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo kwenye kompyuta, na simu yako ni kompyuta kwa maana ya sheria hiyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Naiona ni sheria mbaya, inatisha watu wasiseme hata ukweli, na nitaipinga nikiwa wakili kama ninavyoipinga leo nikiwa mwanafunzi. Lakini ipo. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp "mashine zote za kata yetu zimechakachuliwa" bila kitu mkononi, umewapa kamba.

Andika hivi badala yake: "Leo saa 4:20 asubuhi, kituo fulani, mashine ilishindwa kusoma vidole vya mama mmoja mara sita. Mwandishi alimwambia aondoke. Hakuambiwa utaratibu mwingine. Tulikuwepo watu watatu." Hiyo haina mbwembwe, haitapata vicheko kama vifaranga vya kompyuta. Lakini kila neno lake linaweza kusimama kizimbani na wewe. Na kama kuna neno limeandikwa kwenye kioo, hata kama ni la Kiingereza usilolielewa, linakili herufi kwa herufi. Usilitafsiri, usiliongezee chumvi. Mtu wa kompyuta akiliona atajua kama mashine ilikosa mtandao, ilikosa chaji, au ilimaliza nafasi. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

Jambo lingine, usiiguse mashine. Usijifanye mdukuzi. Kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa, kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo. Kazi yetu ni kuuliza, kutazama na kuandika.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya kikao, "Mwanangu, sisi tusiojua kompyuta tutaandika nini?" Baba, ninyi ndio mnaojua. Mkulima anajua mzinga wenye nyuki na mzinga mtupu bila kuufungua. Anasikiliza, anatazama mlangoni, anahesabu wanaoingia. Mashine nayo ni hivyohivyo kwa mtu asiye fundi. Hujui ndani kuna nini, lakini unajua wangapi wameingia, wangapi wametoka bila kadi, na walijibiwa nini mlangoni.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila tawi liwe na daftari moja la kurasa mia, la karatasi. Nimeongea habari za mashine saa nzima halafu naomba daftari, mtanisamehe, ila daftari haligandi na halihitaji bando. Ukurasa uwe na tarehe, saa, mahali, mashine ilifanya nini, mwenye mashine alisema nini kwa maneno yake, na nani alishuhudia. Tuanze kesho, si siku ya uchaguzi. Mfumo ukigoma zahanati, andika. Ukigoma kwenye ofisi ya kijiji, andika. Tukifika kwenye uandikishaji na kura tutakuwa tumeshazoea.

Na vijana wenzangu, tuanze na midomo yetu. Wengi wenu ni mawakala wa laini na wa pesa hapa barabarani. Akija bibi wa mtu, mashine ikakwama, futa kioo kwanza. Halafu mwambie, "Bibi, mashine yangu imeshindwa kukusoma, tujaribu tena." Hujapoteza kitu, na yeye atarudi nyumbani mikono ikiwa nje ya kitenge.

Daftari la kwanza nimekuja nalo, limebaki kwa katibu wa tawi. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi, habari za bibi, pale ninapokumbuka tarehe nimeweka na nisipokumbuka nimeacha wazi. Wa pili ni wenu.

Maswali yanaruhusiwa, mradi tu usiniambie mfumo wako umegoma.